Wasiojiweza: Tarihi Fupi ya Istilahi za Uzee na Ulemavu

Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Kazi iliyowaangukia wafasiri baada ya hapo si ndogo, kwani sehemu kubwa ya sheria zetu ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza tangu enzi ya Mwingereza. Katika kazi hiyo liko kundi moja la maneno ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa jepesi: mzee, kikongwe, kilema, mlemavu, asiyejiweza, mtegemezi, mlezi. Hakuna hata moja linalohitaji kubuniwa. Yote yanajulikana sokoni na nyumbani. Basi mfasiri huyapita mbio ili apate wasaa wa kupambana na istilahi za kodi na za madini.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haraka hiyo ina hasara. Maneno hayo yamebadilika maana mara kadhaa katika muda wa miaka mia moja hivi, na kila badiliko lilifuatana na badiliko la fikra juu ya nani anastahili kusaidiwa na nani ampe msaada huo. Zaidi ya yote, neno "wasiojiweza", ambalo kwa muda mrefu ndilo lililoyakusanya mengine chini yake, lina maana mbili zisizopatana, na kutopatana huko kwaweza kumnyima mtu haki yake kwenye dirisha la hospitali.

Tuanze na ya kale. Kiswahili cha pwani kilikuwa na majina mengi ya hali mbalimbali za mwili, lakini hakikuwa na jina moja la kuwajumlisha watu wote wenye hali hizo. Mtu alikuwa kipofu, au kiziwi, au kiwete, au bubu, au kibyongo, au alikuwa na chongo. Kipofu na kiwete hawakuonwa kuwa watu wa kundi moja, kama vile mvuvi na mfinyanzi hawakuwa wa kundi moja kwa sababu tu wote wawili si wakulima. Neno lililokaribia kuwa la jumla ni "kilema", nalo lilikuwa na tabia ya pekee: lilitaja kasoro yenyewe, na papo hapo likamtaja mtu mwenye kasoro hiyo. "Ana kilema cha mguu" na "yule ni kilema" zote mbili ni sentensi sahihi. Mtu na kasoro yake waliitwa kwa jina moja.

Haifai kudhani kwamba wahenga hawakuutambua uzito wa majina. Methali isemayo "Ukipenda, chongo huita kengeza" ni somo kamili la istilahi, kwani inaeleza kwamba jina tunalolichagua hufuata moyo wetu kwa yule tunayemtaja. Nayo "Kabla hujafa hujaumbika", ambayo hutumiwa kumwonya anayemcheka mwenye kilema, ina maarifa ambayo sera zetu zilichelewa kuyapata: kwamba ulemavu si jambo la kuzaliwa nalo tu, bali huja njiani, na humjia zaidi yule aliyesafiri mbali. Tutairudia hoja hiyo.

Kuhusu maneno kama kipofu, kiziwi na kilema, imezoeleka kusemwa katika semina kwamba ni ya dharau kwa sababu yamo katika ngeli ya KI-VI, ambayo ni ngeli ya vitu: kiti, kisu, kikapu. Hoja hiyo ina nguvu ya kuhamasisha, lakini kisarufi haikutimia. Kiongozi yumo katika ngeli hiyo hiyo, na kijana, na kinyozi, na hata kipenzi, wala hakuna kiongozi aliyepata kulalamika kwamba ameitwa kitu. Tena upatanisho wa sentensi huyatambua majina hayo kuwa ya watu: twasema "kipofu amefika", hatusemi "kipofu kimefika". Na upande wa pili, "mkoma" limo katika ngeli ya M-WA pamoja na mtu na mwalimu, lakini ni machache yaliyomtenga binadamu na wenzake kuliko hilo.

Hata hivyo kiambishi KI- kina kazi nyingine, nayo ni ya kudunisha, na hapo ndipo penye ukweli. Mfano ulio bora ni mzizi -kongwe. Ukiuvika M-, unapata "mkongwe", na leo hii neno hilo ni la sifa: mwanamuziki mkongwe, mwandishi mkongwe, mwanasiasa mkongwe. Ukiuvika KI-, unapata "kikongwe", yaani mtu aliyezeeka hata akachakaa. Mzizi ni mmoja na umri waweza kuwa mmoja, lakini mmoja hupewa kiti cha mbele na mwingine husogezwa pembeni. Hali ni hiyo hiyo kwa mzee na "kizee", na ni jambo la kuzingatiwa kwamba kizee, kama ajuza, kwa kawaida ni mwanamke.

Tofauti hiyo haikubaki katika kamusi. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Kanda ya Ziwa, hasa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mojawapo ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu, ambayo kwa kweli ni matokeo ya miaka mingi ya kupika kwa kuni na samadi ndani ya nyumba yenye moshi. Magazeti yetu yaliyaita maovu hayo "mauaji ya vikongwe", na jina hilo likapokewa hadi katika mijadala ya Bunge. Waandishi hawakuwa na nia mbaya. Lakini kwa maoni yangu jina hilo lilimweka aliyeuawa mahali pale pale alipowekwa na muuaji wake, yaani nje ya wazee. Kama vichwa vya habari vingalisema "mauaji ya akina bibi", msomaji angalimkumbuka bibi yake mwenyewe. Pwani ya Kenya, hasa Kilifi, ambako waliouawa kwa tuhuma kama hizo wamekuwa wazee wa kiume pia na dalili ikawa ni mvi, jina lililotumika mara nyingi ni wazee tu, na ubaya wa tendo ukaonekana waziwazi.

Kwa maana "mzee" katika Kiswahili si umri tu, ni daraja. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee kama mwingine angaliitwa mheshimiwa. Mwalimu Nyerere alipotaka kulitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, mwezi Novemba 1978, alisema na wazee wa Dar es Salaam, na wananchi wengine wakasikiliza kwa njia ya redio. Wazee hao hawakualikwa kwa kuwa ni dhaifu. Walialikwa kwa kuwa bila wao neno zito halina shahidi. Mfasiri akumbuke basi kwamba anapolitumia neno mzee kwa maana ya mtu anayestahili huduma, analiazima neno lililokuwa na kazi nyingine, na wasomaji wake bado wanaisikia kazi ile ya kwanza.

Kundi la jumla lilianza kutengenezwa na utawala. Serikali ya kikoloni ilipotoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, iliwaachia maofisa wake uwezo wa kuwasamehe wazee na wagonjwa wasio na njia ya kulipa. Hapo kwa mara ya kwanza mzee, kipofu na kiwete waliandikwa katika orodha moja, na kilichowaunganisha ni kwamba mtoza kodi hakuwa na cha kupata kwao. Wamishenari kwa upande wao walianzisha makambi ya wenye ukoma na mahali pa kuwahifadhi wasio na ndugu. Baadhi ya makambi hayo ndiyo yaliyogeuka baadaye kuwa makazi ya serikali yaliyoitwa Makazi ya Wazee na Wasiojiweza: Nunge huko Kigamboni, Bukumbi karibu na Mwanza, Sukamahela huko Manyoni, na mengineyo. Jina hilo lilibakia kwenye mabango kwa miongo mingi, na ni vigumu kupata jina la ofisi lililoathiri zaidi namna wananchi wanavyowafikiria watu hawa.

Tulitazame neno lenyewe. "Kujiweza" ni kuweza kwa nafsi yako. Katika mazungumzo ya kila siku, "familia inayojiweza" ni familia yenye mali, wala hatuulizi kama watu wake wana miguu. Lakini "mgonjwa asiyejiweza" ni yule asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa, hata kama ana nyumba tatu za kupangisha. Neno moja, basi, linapima mifuko, na neno hilo hilo linapima misuli. Maadamu mtoa huduma ni ndugu au jirani, hakuna tatizo, kwa kuwa jirani humjua mtu kwa sura na hali. Tatizo huanza neno linapoingia katika waraka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliipa dhana hiyo sura ya kisiasa. Katika kueleza nchi isiyo na unyonyaji, Azimio lilisema kwamba kila mtu awezaye kufanya kazi afanye kazi, na likawataja wachache wanaostahili kuishi kwa kazi ya wenzao: watoto wadogo, watu waliozeeka mno, wenye vilema, na wale ambao serikali kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi. Ilikuwa ni kauli ya huruma, na kwa zama zile ilikuwa pia kauli ya haki, kwani iliwaondolea watu hawa aibu ya kuitwa kupe. Lakini kipimo kilichotumika ni kile kile cha mtoza kodi, ila sasa kimevaa nguo safi zaidi: mtu alitambuliwa kwa kazi asiyoweza kuifanya. Ndiyo maana jina lililowafaa wote kwa pamoja lilikuwa jina la kukanusha. Asiye-jiweza.

Waliolikataa jina hilo kwanza hawakuwa wanaistilahi, bali wenye hali yenyewe, nao walilikataa kwa kuunda vyama. Historia ya majina ya vyama hivyo yafaa kusomwa na kila mfasiri, kwani inaonyesha kwamba hawakufuata kanuni moja. Wasioona, ambao chama chao kilianza mwaka 1964, walikiacha "kipofu" na kuchagua neno la kukanusha, "wasioona". Viziwi, chama chao CHAVITA kilipoundwa katika miaka ya 1980, walifanya kinyume kabisa: waliling'ang'ania jina la kale na kujiita Chama cha Viziwi Tanzania. Sababu yao ina mantiki. Kwa watu wenye lugha yao ya alama, uziwi si upungufu wa kusikia tu. Ni jamii, na jamii haijiiti kwa kile isichonacho. Hivyo mfasiri mwenye bidii anayegeuza kila "kiziwi" kuwa "asiyesikia" akidhani anawaheshimu, kwa kweli anawavua jina walilolichagua. CHAWATA nacho, kilichozaliwa mwanzoni mwa muongo huo huo wakati Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, kilichukua neno "walemavu".

Neno "mlemavu" lilikuwa hatua kubwa, na muundo wake unastahili kusifiwa. Kutokana na kitenzi -lemaa tulipata -lemavu, kwa njia ile ile iliyotupa -potevu kutokana na -potea na -sikivu kutokana na -sikia. Halafu -lemavu likatupatia mlemavu, na pia likatupatia "ulemavu", na hili la mwisho ndilo lililokuwa na faida ya kudumu. Kwa kiambishi U- hali ilitenganishwa na mtu. Kasoro iliyokuwa na jina moja na mwenyewe sasa ikapata jina lake peke yake, na mtu akaachwa huru kuwa mtu. Zanzibar iliiona njia hiyo mapema: Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985. Tanzania Bara shirikisho la vyama, SHIVYAWATA, lililoundwa mwaka 1992, nalo limebeba maneno hayo hayo katika jina lake. Kenya pia hutumia "wanaoishi na ulemavu", ambalo sioni faida yake. Katika Kiswahili mtu huishi na mkewe au na jirani zake, na ulemavu si mmoja wao.

Njia hiyo ya U- iliokoa pia jina lililokuwa baya kuliko yote. "Zeruzeru" lilibeba imani kwamba mtu huyo si binadamu kamili, na wakati mauaji ya watu hao yalipozidi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ilionekana wazi kwamba imani hiyo haikuwa mzaha. "Albino" lililofuata lilikuwa neno la kitabibu lisilo na laana, lakini bado lilimfanya mtu kuwa ugonjwa wake. "Mtu mwenye ualbino" ndilo linalopendekezwa sasa. Magazeti kadhaa yalijaribu "walemavu wa ngozi", na hapo pana kosa la dhana: taabu kubwa ya mwenye ualbino katika masomo na kazi ni uoni hafifu, na kuitaja ngozi peke yake humsahaulisha mwalimu kumweka mtoto huyo karibu na ubao.

Sheria zilifuata mkondo huo huo kwa kuchelewa kidogo. Mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria mbili, moja ya ajira ya watu wenye ulemavu na nyingine ya matunzo yao. Ile ya ajira ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi. Ile ya matunzo iligawa wajibu kati ya familia, serikali za mitaa na serikali kuu. Baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ilizifuta zote mbili, ikapandisha kiwango kuwa asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, na ikazungumza kwa lugha ya haki badala ya lugha ya hifadhi. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2003 na kuibadili kwa nyingine mwaka 2025.

Kwa ushindi huo, hata hivyo, jambo moja lilipotea, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wazee na wenye ulemavu, waliokuwa wamefungwa pamoja katika kapu la "wasiojiweza", walipotolewa walitolewa kila mmoja kwa mlango wake. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Sera ya watu wenye ulemavu ilitoka mwaka 2004. Kila moja ilikuwa na msamiati wake, vyama vyake na siku yake ya kimataifa. Kutengana huko kulikuwa na sababu njema, kwani kijana mwenye ulemavu hakutaka tena kuhesabiwa pamoja na waliokwisha kustaafu. Lakini mzee ambaye macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, magoti yamekataa na masikio yamefifia, yeye yuko katika sera ipi?

Ukimwuliza mwenyewe, atajibu kwamba hana ulemavu, ana uzee. Jibu hilo ni la Kiswahili safi, na limeharibu takwimu. Sensa ya mwaka 2002 ilipata watu wenye ulemavu wapatao asilimia 2 tu ya Watanzania wote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 uliwapata asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Makundi yaliyopimwa hayalingani sawasawa, lakini ulemavu wenyewe haukuongezeka mara nne katika miaka sita. Kilichobadilika zaidi ni swali. Utafiti ulifuata utaratibu wa kimataifa wa kumwuliza mtu kama anapata shida kuona hata akivaa miwani, kama anapata shida kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, au kuelewana na wengine, na shida hiyo ni ya kiasi gani. Mzee aliyekana ulemavu hakukana shida. Neno "shida", la kawaida kabisa, lilifanya kazi ambayo istilahi iliyosanifiwa kwa heshima zote haikuweza kuifanya. Hili si hoja ya kuliacha neno ulemavu katika sheria; ni hoja ya kutolipeleka neno la sheria mlangoni kwa watu bila kulifafanua.

Kadhalika umri wenyewe. Sera ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Kikomo hicho kinalingana na umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, ilhali wazee wetu walio wengi ni wakulima, wafugaji na wavuvi ambao hawakupata kuajiriwa hata siku moja, wala hakuna barua iliyowaambia wapumzike. Wanatakwimu wao humhesabu mtu kuwa "mtegemezi" anapofika miaka 65. Neno hilo nalo lina dhuluma yake. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, kizazi kizima cha wazazi kilipungua, na waliobaki na watoto ni akina bibi. Bibi wa miaka 68 anayelima migomba na kusomesha wajukuu wanne anaandikwa katika jedwali kuwa mtegemezi, pamoja na wajukuu hao hao wanaomtegemea. "Watu wa umri wa utegemezi" ni maneno marefu zaidi, lakini angalau hayasemi uongo juu ya mtu mmojammoja.

Zanzibar ilitafuta njia nyingine. Mbali na nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha malipo kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, bila kuuliza kama aliajiriwa na bila kuuliza kama ni maskini. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mpango huo uliitwa Pensheni Jamii. Nalihesabu jina hilo kuwa miongoni mwa istilahi bora za miaka hii. "Kiinua mgongo" humhusu aliyeinamia kazi ya mwajiri. "Mafao" humhusu aliyechangia mfuko. "Msaada" humhusu anayeomba. Kwa kuongeza neno moja tu, "jamii", waliotunga jina hilo waliondoa sharti la ajira, la mchango na la ombi kwa pamoja. Kenya nayo, ilipoanza mwaka 2018 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ilifanya hivyo chini ya jina la Inua Jamii, ambalo ni zuri kwa bango lakini halielezi nani analipwa kwa nini.

Turudi sasa kwenye dirisha la hospitali tulilolitaja mwanzo. Huduma ya matibabu bila malipo Tanzania Bara imekusudiwa wazee wasio na uwezo. Uwezo upi? Utaratibu unakusudia uwezo wa kulipa. Lakini mahali ambapo tangazo au fomu imeandikwa "wazee wasiojiweza", mzee maskini aliyetembea kwa miguu yake kilomita kumi kufika hapo aweza kuambiwa kwamba mbona anajiweza, na mwenzake aliyeletwa kwa gari lake mwenyewe akiwa amebebwa aweza kupitishwa. Karani hakosei lugha. Amelifasiri neno kwa maana yake moja, na fomu ilikusudia nyingine.

Nchi iliyolazimika kulitatua jambo hili mapema ni Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi. Huko zamani mzee alipelekwa kwenye huduma kwa amri ya ofisi ya ustawi, iliyomwona kuwa mtu wa kuhurumiwa. Sheria ya bima ya matunzo iliyopitishwa mwaka 1997 na kuanza kazi mwaka 2000 iliweka kipimo kipya: mtu hupimwa ni kiasi gani cha matunzo anachohitaji, na hupangiwa daraja kwa kadiri hiyo, awe tajiri au maskini. Suala la fedha huamuliwa mbali. Miaka minne baadaye, Desemba 2004, wizara yao ya afya ilifuta jina rasmi la ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni, chihō, lililokuwa na maana ya upumbavu, ikaweka ninchishō, lenye maana ya ugonjwa wa utambuzi. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba kwa kuogopa jina, familia zilichelewa kuwapeleka wazee kwa daktari.

Sisi hatuna budi kulitazama jambo hilo hilo. Kwa hali hiyo wengi husema mzee "amerudi utotoni", au kwamba ni usahaulifu tu, na kwingine, kama tulivyoona, ni uchawi. "Usahaulifu" halifai kuwa istilahi, kwani kila mtu husahau. Ninapendekeza "maradhi ya utambuzi", kwa sababu yanaitwa maradhi, na maradhi hupelekwa zahanati.

Kuhusu "asiyejiweza", pendekezo langu ni kwamba lisitumike kabisa katika sheria, waraka wala fomu, bali libaki katika mazungumzo ambako halidhuru. Panapokusudiwa fedha, iandikwe "asiye na uwezo wa kulipa" au "asiye na kipato". Panapokusudiwa mwili, iandikwe "anayehitaji matunzo". Maneno haya mawili yanaweza kumwangukia mtu mmoja, na mara nyingi yatamwangukia, lakini kila moja litaulizwa peke yake. Neno "matunzo" linafaa kwa kijana na kwa mzee, kwa aliyezaliwa na ulemavu na kwa aliyefikiwa nao akiwa na miaka 75, nalo linaweza kuwa daraja kati ya zile sera mbili.

Linabaki jina la yule anayetunza. Wafasiri wengi wameandika "mlezi". Mlezi hulea mtoto, na pia ni cheo cha heshima katika vyama. Kumwita mlezi binti anayemhudumia baba yake ni kumfanya baba kuwa mtoto wa mtoto wake, na wazee wa pwani hawatalipokea. "Mwangalizi" hutazama, "mhudumu" yuko hotelini na hospitalini. "Mtunzaji" limetokana na matunzo yenyewe, halipunguzi umri wa mtu, na lina wingi usio na matata. Wafasiri waliokwisha kulitumia neno jingine katika vitabu vya shule wanaombwa walete hoja zao kwa maandishi kabla orodha haijafungwa.